Mlango Wenye Kisanduku

Jengo alilokuwa akikaa mama yangu lina milango kumi na minane, na milango kumi na mmoja haikuwa na wenyewe. Ukigonga leo anafungua mtu huyu, ukigonga keshokutwa anafungua mwingine, na wote wawili wanakuuliza kama wewe ndiye uliyeleta taulo. Watu waliokaa humo miaka ishirini walikuwa wameshaondolewa. Mama alibaki ghorofa ya tatu, mlango wa kati, na miguu isiyotaka kumbeba, na kulia kwake hakuna jirani, na kushoto hakuna.

Hiyo ndiyo shida. Mimi niliiongezea.

Kazi yangu ni vitasa. Nafunga vitasa, nafungua vilivyokwama, nachonga funguo. Nina kibanda mtaa wa nyuma ya jengo hilo, na watu wananiita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikufa.

Mtu aliyezigeuza zile nyumba kuwa za wageni wa siku mbili tatu tulimwita Mashuka, kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila mfuko wa mashuka meupe begani. Alianza na nyumba moja ya shangazi yake. Halafu akawa anawafuata wenye nyumba mmoja mmoja. "Mpangaji wako anakupa kodi ya mwezi," anawaambia, "mgeni anaitoa hiyo hiyo kwa siku tano, na hakuletei habari za bomba linalovuja." Wenye nyumba wakapiga hesabu. Wapangaji wakapewa barua.

Kila nyumba iliyoingia mikononi mwake niliitia kisanduku cha ufunguo. Ni kichuma kidogo, ukubwa wa mche wa sabuni uliokatwa nusu, unakifunga ukutani kando ya mlango kwa skrubu nne. Kina namba nne za kuzungusha. Mgeni anatumiwa namba kwenye simu, anazungusha, kinafunguka, ufunguo anaukuta ndani. Mashuka hamwoni mgeni, mgeni hamwoni Mashuka. Nilivifunga visanduku kumi na kimoja kwa mkono wangu, nikalipwa papo hapo, nikasema asante.

Cha kumi kilikuwa cha mlango wa Mama Cherehani.

Huyu alikuwa fundi wa nguo, mlango wa kushoto wa mama. Alikuwa na ufunguo wa akiba wa nyumba ya mama, na kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani yake alikuwa anapita kugonga.

"Mama Fundi! Umeamka, au nilete jeneza?"

"Lete," mama anajibu kutoka kitandani, "ila uingie wewe kwanza tupime."

Basi wanacheka, mmoja ndani mmoja nje, na mimi kibandani kwangu nafanya kazi nikiwa na raha zangu, kwa sababu mama ameshaamshwa na mtu.

Siku Mama Cherehani anahama, mimi nilikuwa pale na drili. Mashuka alitaka kisanduku kikae siku hiyo hiyo, mgeni alikuwa njiani. Mchukuzi akapita na cherehani begani. Mama Cherehani akapita nyuma yake na ndoo ya pamba na makasi, akasimama, akakitazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Kikaze vizuri, Fundi," akasema. "Nisije nikapata wazimu nikarudi."

Nilikikaza. Ndiyo kazi niliyokuwa nimelipwa.

Mama ana kisukari. Mwaka ule kidonda kilimtoka mguuni, kikakataa kupona. Zahanati ikampangia muuguzi wa kupita majumbani, mama mmoja mnene mwenye mwendo wa haraka tuliyemwita Nesi. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi, anaosha kidonda, anapima sukari, anaondoka. Kwa siku ana wagonjwa tisa. Mama kutoka kwenye kiti hadi mlangoni anatumia dakika kumi, na zamani ilikuwa Mama Cherehani ndiye anayemfungulia Nesi. Sasa akawa hayupo. Ufunguo Nesi haruhusiwi kukaa nao. Kuna mahali kitu kilipotea wakasingiziwa wauguzi, tangu hapo zahanati ikapiga marufuku. Wiki ya kwanza mama akaharakisha kwenda kufungua, akaanguka juu ya viatu. Hakuumia. Alinyanyuka mwenyewe kwa kushika meza.

Kesho yake nikamfungia kisanduku. Namba tunaijua watu wanne: mimi, mama, dada yangu mkubwa na Nesi.

Mama akakitazama kutoka kwenye kiti chake. "Na mimi umenipangisha?"

"Ni cha Nesi, mama."

"Basi mwambie Nesi taulo ziko kabatini, na mwisho wa kutoka ni saa nne."

Kilifanya kazi vizuri. Nesi anafika, anazungusha, anaingia, mama hata miguu haishushi. Kasoro ilikuwa wageni wa Mashuka tu. Siku moja nimepita kumwona mama nikamkuta kijana wa kiume amekaa sebuleni na sanduku lake la magurudumu, ameshikilia kikombe cha chai. Aliukuta mlango haujabanwa akajua ni humo.

"Nimemwambia nyumba ni ya pembeni," mama akasema, "hataki. Anasema kwenye picha palikuwa na kiti kama changu."

Nilikuwa nacheka siku zile. Lakini ngazi zilikuwa zinanuka, takataka zilikuwa zinatupwa mlangoni, na mama alikuwa anakaa siku nzima bila kusikia jina lake likiitwa. Kwa hiyo Mwalimu alipoita mkutano nilikwenda.

Mwalimu ni mzee mstaafu wa ghorofa ya tano. Aliandika barua halmashauri, akaandika tena, akaandika mpaka wakamtuma afisa. Tulikutana chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, penye mita za umeme. Sisi wa jengo tulikuwa wachache. Wengi walitoka majengo ya jirani, maana ugonjwa ulikuwa umeenea mtaa mzima. Afisa alikuja na tai na faili, mtu mpole, anasikiliza. Akasema halmashauri inatunga kanuni. Kila jengo la makazi litaruhusiwa theluthi tu ya nyumba kupokea wageni wa muda mfupi, na kila nyumba hiyo itakuwa na kibali. Lakini ushahidi ndio unaowasumbua.

"Tukigonga tunaambiwa huyu si mgeni wa kulipa, ni binamu," akasema. "Kila nyumba, binamu."

"Binamu anadai risiti!" mtu akapiga kelele nyuma, watu wakacheka.

Nikasimama. Sijui nani aliniinua.

"Mheshimiwa, msihangaike na mabinamu," nikasema. "Tazameni milango. Hivi visanduku vya namba mnaviona? Mtu anayekaa kwake ufunguo wake uko mfukoni. Binamu akija unampa mkononi."

"Si wewe ndiye uliyevifunga?" Mwalimu akauliza.

"Mwizi anatufundisha polisi!" yule wa nyuma akasema.

"Nimevifunga mimi," nikajibu. "Ndiyo maana najua. Penye kisanduku pana biashara."

Afisa akafungua kalamu. "Hilo la mwisho, rudia taratibu."

Nikarudia. Akaandika. Nilipokaa chini kifua kilikuwa kimenijaa. Shule niliiacha darasa la sita, na katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuandika maneno yangu isipokuwa polisi, nao walikosea. Watu wakanipiga piga mgongoni. Mwalimu akanishika mkono, akasema, "Umesema jambo, bwana."

Na kisanduku cha mama je? Sikukifikiria. Mungu ni shahidi, hakikunijia hata kidogo. Kwangu mimi kile hakikuwa kisanduku. Kilikuwa Nesi.

Kanuni ilitoka baada ya miezi minne, ikabandikwa kwenye mlango wa kila jengo. Mwalimu alinisomea kwa sauti, kwa heshima. Kifungu cha nne kilisema kuwa kifaa chochote cha kuhifadhia ufunguo kikikutwa nje ya mlango kitachukuliwa kuwa ushahidi kwamba nyumba hiyo inapangishwa kwa wageni. Asiye na kibali, faini, na nyumba inatiwa kufuli la halmashauri siku tisini. Muda wa kujirekebisha, mwezi mmoja.

"Maneno yako hayo," Mwalimu akasema. "Wameyavalisha suti tu." Nikacheka; hata hapo cha mama hakikunijia.

Wiki ile ile Mashuka akaja kibandani. Mfuko begani kama kawaida.

"Kaka, umenichinja," akasema, lakini anacheka. "Haya, mchinjaji, nimekuletea kazi. Nataka vitasa vya simu, kumi na kimoja. Vile visivyo na ufunguo. Mgeni anabonyeza simu, mlango unafunguka."

"Na visanduku?"

"Ving'oe. Si vimekuwa haramu?"

Nikaelewa alichokuwa anafanya. "Sifungi hivyo vitasa," nikamwambia.

"Hujui kuvifunga au hutaki?"

"Sijui na sitaki."

"Nitakulipia mafunzo. Siku moja tu. Dunia inakimbia, kaka."

"Iache ikimbie. Mimi sina haraka."

Akainua mabega, akaondoka. Nilijiona mwanamume. Siku ya tatu akaja fundi kutoka upande mwingine wa mji, akafunga vyote kumi na kimoja kwa siku mbili. Nilipopanda kwa mama nikakuta ukutani pale palipokuwa na visanduku vyangu kuna matundu manne manne, yamezibwa kwa dawa ya meno.

Mwezi ulipoisha mkaguzi akaja. Alipita ghorofa zote sita na fomu yake, akahesabu visanduku. Katika jengo lenye nyumba kumi na moja za wageni, alipata kisanduku kimoja.

Aligonga. Mama akasema, "Nakuja," na kwa miguu yake akawa anakuja kweli. Alipofika mlangoni mkaguzi alikuwa ameshamaliza na kushuka, na karatasi nyekundu imeganda mlangoni.

Mama akanipigia simu. "Baba, njoo unisomee. Naona kama wanasema mimi ni hoteli."

Kesho yake nilikuwa halmashauri, dirisha namba nne, na nyuma ya dirisha yule yule afisa wa tai. Alinikumbuka. Alifurahi hata.

"Fundi wa visanduku!"

Nikamsukumia karatasi nyekundu. Nikamweleza: mama, kidonda, Nesi, miguu. Alisikiliza yote, kama alivyosikiliza siku ile, na nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo.

"Kanuni inasema kisanduku," akasema.

"Kanuni niliisema mimi."

"Basi unaijua."

"Naijua. Nakwambia hiki si cha biashara."

"Kila mtu aliyepata karatasi nyekundu ananiambia hivyo, Fundi. Wiki hii peke yake nimepata akina mama wagonjwa saba. Watano kati yao nilipokwenda nilikuta mashuka meupe." Akashusha sauti. "Kuna fomu ya msamaha. Barua ya daktari, na sahihi mbili za majirani wanaokaa ghorofa hiyo hiyo, wathibitishe kwamba nyumba haipangishwi."

"Barua ninayo. Mwalimu wa ghorofa ya tano atatia sahihi leo hii."

"Ghorofa hiyo hiyo. Ya tatu kuna nani?"

"Kuna mama."

"Na nani mwingine?"

"Mabinamu," nikasema.

Hakucheka. Nami sikusema kwa kuchekesha. Nikamwambia milango miwili ya ghorofa ile ni ya Mashuka, na jengo zima lina nyumba kumi na moja za Mashuka zenye wageni muda huu tunaozungumza. Akafungua faili, akanionyesha kwa kidole: visanduku, kimoja. Akasema wanajua kuhusu vitasa vya simu, kanuni itarekebishwa, mwakani labda. Kisha akaegemea dirisha kama mtu anayemwombea mwenzake mema.

"Una siku kumi na nne. Ukikitoa, faili inafungwa siku hiyo hiyo, hakuna faini, hakuna kufuli. Ni skrubu nne tu, Fundi."

"Najua ni ngapi."

Nikaenda zahanati kuomba Nesi aruhusiwe ufunguo. Wakakataa, na walikuwa na sababu. Nikampigia dada. Dada yangu anakaa mbali, mwendo wa siku nzima, na tangu baba afariki ana wimbo mmoja.

"Mlete mama kwangu," akasema. "Nina chumba."

"Hataki."

"Umemuuliza, au unamjibia?"

Nikampa mama simu. Mama akamsikiliza binti yake mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kwako nitakuwa mgeni. Nitakuwa naomba ruhusa ya kupika uji. Hapa hata nikianguka, naanguka kwangu." Nyumba ile baba aliilipia miaka kumi na tisa, kila mwezi, mshahara wa bohari, mpaka ikawa yake. Mama alikuwa anajua kila kigae kinachocheza. Hakutaka kitu kingine duniani ila kufia humo, na alikuwa anakisema bila huzuni, kama mtu anayesema anataka kiti cha dirishani.

Akanirudishia simu.

"Sawa," dada akasema. "Nani atamfungulia Nesi?"

"Mimi. Siku zote tatu, saa nne kamili."

"Una kazi."

"Kibanda kiko hapo nyuma. Ni dakika tatu."

"Haya. Umesema wewe." Akakata.

Siku ya kumi na tatu nikakitoa. Mama alikuwa anatazama. Skrubu ya nne ilipotoka akasema, "Haya, hoteli imefungwa. Wafanyakazi mwende nyumbani."

Wiki ya kwanza nilikuwa pale mara zote tatu kabla Nesi hajamaliza ngazi. Wiki ya pili, Jumatatu nikawepo. Jumatano nikawepo. Nesi akawa ananitania, "Bawabu, fungua."

Jumamosi, saa tatu kasorobo, simu ikalia. Alikuwa mwanamke anayefanya usafi kwenye nyumba za wageni mitaa miwili kutoka kibandani. Kitasa cha simu kimekufa, betri imekwisha. Wageni wametoka kununua mkate wakajifungia nje, mizigo na hati za kusafiria ziko ndani, teksi inangoja, ndege haingoji. Yule fundi wa upande wa pili wa mji hapokei simu. Wageni wanatoa mara nne ya bei yangu.

Niliangalia saa. Kitasa chochote duniani nakifungua kwa robo saa. Nikachukua sanduku la vifaa.

Lakini kitasa kile sikuwa nakijua. Nilikuwa nimekataa kukijua, kibandani kwangu, mbele ya Mashuka, kwa kiburi chote. Hakina tundu la ufunguo. Hakina mahali pa kuingiza waya. Nilitoboa nilipodhani pana ulimi wa kitasa, nikakuta chuma kitupu. Nikatoboa tena. Wageni wanatembea tembea nyuma yangu wakitazama saa zao, na mimi naitazama yangu, na kila nikiitazama najiambia bado dakika mbili, nikiacha sasa nitakuwa nimeharibu mlango wa mtu bure. Simu yangu ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, chini ya vitambaa, na drili ilikuwa inanguruma. Ulimi ulipoachia ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Nilipoinua vitambaa nikakuta Nesi amenipigia mara tisa.

Yaliyotokea nimeambiwa na Nesi. Aligonga saa nne kamili. Mama akaitika kutoka kwenye kiti. Nesi akamwambia akae, Fundi anakuja. Akangoja, akanipigia, akangoja. Saa nne na robo mama akasema kwa sauti, "Una wagonjwa wengine, mwanangu, usipoteze siku kwa ajili yangu," na Nesi akasikia kiti kikisogea. Akamkataza. Akasikia hatua, hatua, mkono unaparaza ukuta. Kisha akasikia kishindo, karibu kabisa, chini ya mlango.

Aligonga mlango wa kulia, kimya. Aligonga wa kushoto, ule wa Mama Cherehani, wakatoka wasichana wawili wazuri wenye heshima zao, wakamwambia pole sana, wao wamefika jana, hawamjui mtu, wangesaidia vipi? Wakampa maji ya chupa. Alipanda mbio hadi ghorofa ya tano, na Mwalimu akashuka na nyundo, mzee wa miaka sabini na minne, akaanza kuupiga mlango. Mlango wenyewe niliutengeneza mimi mwaka ule wezi walipousumbua mtaa. Una bati la chuma katikati, makomeo matatu yanaingia ukutani, bawaba ziko ndani. Wateja nilikuwa nawaleta kuja kuuona. Ulikuwa tangazo langu.

Nilifika nikihema. Nikatia ufunguo, makomeo yakarudi yote matatu, laini kama siku niliyoyafunga. Nikasukuma. Mlango ukaenda upana wa kidole, ukagoma.

"Mama, sogea kidogo."

"Ningeweza kusogea," mama akasema kutoka chini, "si ningekufungulia?"

Nesi akapitisha vidole kwenye ule mwanya, akamgusa, akaniambia ni nyonga. Akasema nisukume polepole sana, hakuna njia nyingine. Basi nikamsukuma mama yangu kwa mlango nilioutengeneza mwenyewe. Upana wa kidole, nangoja. Upana wa kidole mwingine. Kila nikisukuma anatoa sauti, na kila nikiacha ananiambia, "Endelea, baba. Mbona unasimama?" Wakati nimepiga magoti hapo, wale wasichana wawili walitoka na masanduku yao ya magurudumu. Mmoja akasema samahani, wanaomba kupita. Nikavuta sanduku la vifaa kando, wakapita.

Dada alikuja kwa basi la usiku. Alinikuta kwenye benchi la wodi. Hakunipigia kelele; ningependa angepiga.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Mlango gani, wa nani, kwa bei gani. Sikuongeza wala kupunguza.

"Ulikuwa unawafungulia wageni," akasema. Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa mwezi ule.

Mama alipotoka wodini hakuwa mtu wa ghorofa ya tatu tena, jengo halina lifti. Dada akamchukua. Mama hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikonitisha. Aliomba jambo moja tu, apite nyumbani akae kidogo. Wachukuzi wawili wangeweza kumpandisha kwa kiti. Dada akasema basi litawaacha. Hakupita.

Halmashauri ilinitumia barua: mhusika ametii kanuni, faili imefungwa, wanatushukuru kwa ushirikiano. Nyumba tukaiuza, hospitali ilikuwa inadai. Mashuka hakuinunua, alitoa bei ndogo akaona haya kuiongeza. Wakanunua mume na mke ambao sijawaona, wa mji mwingine, watu wa kufuata sheria. Walijaza fomu, wakalipa ada, wakapata kibali. Jengo zima halikuwa na nyumba hata moja iliyosajiliwa, kwa hiyo chao ndicho kibali namba moja. Kibao kipo mlangoni, kizuri, cha shaba. Mwalimu alinipigia simu kunisomea.

Imegharimu hivi. Nyonga moja, ya kushoto, na chuma ndani yake. Siku thelathini na nane wodini. Mguu ule ule wenye kidonda, chini ya goti, wameukata miezi miwili baadaye. Vyumba viwili, sebule na jiko, ambavyo baba alivilipia miaka kumi na tisa. Dada yangu, ambaye sasa huniambia majina ya dawa na bei zake, basi. Mama yuko hai, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu mwingine, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Nimekwenda kumwona mara mbili. Mara zote mbili aliomba radhi kwa kunisumbua.